Matuta ya Uluguru: Mwalimu, Mwanafunzi na Somo Lililokataliwa

Msafiri atokaye Dar es Salaam akikaribia mji wa Morogoro huiona milima ya Uluguru mkono wake wa kushoto, imesimama ghafula juu ya tambarare kama ukuta. Vilele vyake hupita mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Juu kabisa kuna msitu na ukungu. Chini ya msitu, kwenye miteremko ambayo mgeni hadhani kwamba mtu aweza hata kusimama wima, kuna mashamba ya mahindi, maharage, migomba, mpunga wa mlimani na mboga. Kutoka milima hiyo hushuka maji ya Mgeta, ya Ngerengere na ya Ruvu yenyewe, mto ambao wakazi wa Dar es Salaam hunywa maji yake.

Mwezi Julai 1955, huko Matombo, upande wa mashariki wa milima hiyo, umati wa Waluguru ulikusanyika kukataa somo. Nasema "somo" kwa makusudi. Serikali ya kikoloni ya Kiingereza haikujiona kuwa inawaonea watu wa Uluguru. Ilijiona kuwa inawafundisha. Ilikuwa na wataalamu, ilikuwa na ramani, ilikuwa na vielelezo, na ilikuwa na nia ambayo katika vitabu vyake iliitwa njema. Siku ile mawe yalirushwa, polisi walifyatua risasi, na mtu mmoja alikufa. Muda si mrefu somo lenyewe likaachwa, na wanafunzi wakarudi kulima kama walivyokuwa wakilima.

Makala haya yanakusudia kuuliza swali moja juu ya tukio hilo: katika mlima ule, ni nani aliyekuwa mwalimu mbunifu, na ni nani aliyekuwa mwanafunzi mbunifu? Swali hili halihusu wanahistoria peke yao. Siku hizi neno "ubunifu" limo katika kila semina ya walimu, katika Sera ya Elimu ya nchi yetu toleo la 2023, na katika mipango ya vyuo vyetu vya theolojia pia. Mchungaji anayetoka chuoni leo hutumwa usharikani akiwa na mafundisho ya kipaimara katika mkono mmoja na mradi wa maendeleo katika mkono wa pili, na yote mawili hutazamiwa kuwa mapya. Ni vema basi tulitazame kwa makini darasa moja kubwa lililowahi kuvunjika, tujue lilivunjika kwa sababu gani.

Kwanza niseme neno juu ya lugha. Kubuni, kwa Kiswahili, ni kuleta jambo ambalo halikuwapo. Lakini pia ni kutunga habari isiyo na mizizi, kama tunavyosema kwamba fulani amebuni tu maneno yake. Neno moja hubeba sifa na lawama. Na tendo la mwanafunzi tunaliita kujifunza, yaani kujifanyia mwenyewe kazi ya kufunza. Mwenye kutuachia lugha hii alikwisha kujua kwamba hakuna mtu anayeweza kufundishwa kama mzigo unavyopakiwa juu ya punda.

Mpango wa mwaka 1950

Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya Tanganyika ilishikwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo. Hofu hiyo haikuwa ya Tanganyika peke yake. Ilikuwa imeenea katika makoloni yote ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, na kabla ya hapo huko Marekani, ambako miaka ya 1930 upepo ulikuwa umepeperusha udongo wa mashamba ya tambarare zake. Kwa Uluguru hofu ilikuwa na sababu ya pekee. Watu walikuwa wameongezeka, vipindi vya kupumzisha shamba vilikuwa vimefupika, na mito iliyoshuka kutoka mlimani ilikuwa ikibeba udongo hadi mabondeni.

Hapana budi tukiri jambo hili mapema, kwa maana waandishi wengi wa historia ya uhuru hulipita upesi: ugonjwa ulikuwapo. Wataalamu hawakuubuni. Mvua za mlima ule hupiga kwa nguvu, na udongo wa juu ni mwembamba. Miaka 15 baada ya ghasia za Matombo, tarehe 23 Februari 1970, mvua ya zaidi ya milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda wa saa tatu tu, na maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000 yakatokea. Watafiti walioyachunguza waliona kwamba karibu yote yalianzia katika mashamba na nyika zisizo na miti. Yaliyoanzia penye miti yalikuwa machache mno. Aliyewaambia Waluguru mwaka 1950 kwamba ardhi yao inaondoka hakuwaambia uongo.

Dawa ndiyo iliyokuwa na kasoro. Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, ulioanza mwaka 1950, uliweka mbele ya mambo yote matuta ya ngazi: mteremko unakatwa vipande vipande kama ngazi za nyumba, kila kipande kikiwa bapa, ili maji yasimame yasikimbie. Pamoja na matuta zilikuja amri nyingine: kutochoma nyasi, kutolima kando ya mito, kutolima penye mteremko mkali kupita kiasi. Kazi ya kuchimba iligawanywa kwa kufuata daftari la kodi. Kila mlipa kodi alipewa kipimo chake, na asiyetimiza alipelekwa katika baraza la watawala wenyeji akatozwa faini. Mabwana shamba walizunguka na kamba za kupimia. Kwa hiyo somo lilikuwa na mwalimu, msimamizi na hakimu, na mara nyingi mkulima hakuweza kutambua ni yupi kati ya hao aliyekuwa akizungumza naye.

Kwa miaka michache ya kwanza taarifa zilikuwa za matumaini, kwa kuwa urefu wa matuta ulihesabika. Kitu kinachohesabika ni kishawishi kikubwa kwa mwalimu. (Sisi nasi tunahesabu waliobatizwa, waliopata kipaimara, waliohudhuria semina, tukapeleka hesabu hizo mkutano mkuu.) Mazao juu ya matuta hayakuhesabiwa kwa bidii ile ile.

Kile ambacho mkulima alikijua

Mkulima alikuwa anajua nini ambacho bwana shamba hakukijua?

Alijua udongo wake. Ukichimba ngazi katika mteremko wenye udongo mwembamba, unaufukia ule wa juu wenye rutuba na kuuleta juu ule mwekundu wa chini ambao hauzai. Mahindi yaliyopandwa juu ya matuta mengi yalitoka dhaifu. Mtaalamu angeweza kujibu kwamba udongo hurudishiwa nguvu kwa samadi, na katika kitabu jibu hilo ni sahihi. Lakini Mluguru wa wakati ule hakuwa mfugaji wa ng'ombe. Miteremko ile si mahali pa ng'ombe, na wanyama wengine aliokuwa nao walikuwa wachache. Samadi itoke wapi? Swali hili dogo, ambalo mwanamke yeyote aliyeshika jembe angeliuliza siku ya kwanza, halikupata nafasi katika mpango. Tutarudi kwake.

Alijua pia kwamba mteremko hautofautiani na mwingine kwa ukali tu. Tuta hukusanya maji. Penye udongo mzito na mteremko wa wastani hilo ni jema. Penye mteremko mkali juu ya mwamba, maji yaliyosimama huweza kuulegeza udongo na kuushusha wote kwa pamoja. Kipimo kimoja kwa mlima mzima kilikuwa kosa la kitaalamu, si la kisiasa tu.

Zaidi ya hayo alikuwa na njia yake. Katika sehemu za Mgeta wakulima walikuwa na desturi ya kupalilia kwa kuyalaza magugu na mabaki ya mazao katika mistari ya kukata mteremko, kisha kuyafunika kwa udongo. Mistari hiyo hufanya vijingazi vidogo, magugu huoza ndani yake na kuwa mbolea, na msimu unaofuata mistari huhamishwa kidogo. Kazi hiyo si nyingi, haileti udongo wa chini juu, na haihitaji ng'ombe. Wataalamu waliokuja baadaye waliipima wakaiona kuwa ina akili ndani yake. Ilikuwa mbele ya macho ya wale wa kwanza pia, lakini haikuonekana kama elimu, kwa kuwa waliokuwa nayo ndio waliokuwa wameandikwa katika orodha ya wanafunzi.

Tena alijua habari ya ardhi yenyewe ni ya nani. Waluguru hufuata ukoo wa mama. Ardhi ilikuwa mikononi mwa ukoo, chini ya mkuu wa ukoo huo, na mtu wa ukoo mwingine aliyehitaji mahali pa kulima aliazimwa kwa kutoa ngoto, yaani zawadi ndogo ya kila mwaka iliyokuwa ishara kwamba anajua shamba si lake. Katika mpangilio huo kitu cha kudumu ni kitu cha hatari. Aliyepanda mti katika shamba la kuazima alianza kulifanya lake. Basi tuta la ngazi, ambalo hudumu miaka mingi, ni la nani? Je, ni la aliyelichimba kwa amri ya serikali, au la ukoo? Au ni la serikali iliyoamuru, ambayo kesho itamleta mlowezi? Walioogopa hilo hawakuwa wajinga. Nchi ya Tanganyika ya mwaka 1951 ilikuwa imeona wakulima wa Kimeru wakiondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao ipewe walowezi, na habari ya jambo hilo ilifika mpaka Umoja wa Mataifa.

Henry Fosbrooke, aliyekuwa mtaalamu wa serikali wa mambo ya jamii, pamoja na Roland Young kutoka Marekani, waliichunguza habari hii muda mfupi baada ya ghasia, na kitabu chao kilitoka mwaka 1960. Walionyesha kwamba serikali ilipitisha amri zake kwa watawala ambao yenyewe ilikuwa imewajenga juu ya Waluguru, hali mamlaka ya ardhi yalikuwa kwa wakuu wa koo, ambao hawakuwa katika ngazi hiyo. Kwa maneno mengine mwalimu alizungumza na kiranja, na kiranja akaitikia kwa niaba ya darasa.

Darasa lenyewe liliitikia vipi? Kwa muda mrefu lilisema ndiyo. Hapo ndipo mimi binafsi hupata uzito wa habari hii. Watu walikuja barazani, wakasikiliza, wakaitikia, wakarudi nyumbani, na matuta hayakuchimbwa, au yalichimbwa mwaka mmoja yakaachwa kubomoka mwaka wa pili. Bwana shamba aliandika kwamba watu ni wavivu na wazito wa kuelewa. Yeyote aliyewahi kufundisha katika usharika wa kijijini anaifahamu "ndiyo" hiyo. Ni ya heshima, haina uadui, na haina maana yoyote. Ni namna ya mwanafunzi ya kumwambia mwalimu kwamba somo lake halijafika, bila kumwaibisha. Mwalimu asiyeisikia ataendelea kufundisha mpaka siku ya mawe.

Siku hiyo ilifika mwaka 1955. TANU ilikuwa imezaliwa mwaka mmoja kabla, mwezi Julai 1954, na wako wanaosema kwamba ndiyo iliyoyachochea yote. Kwa maoni yangu ni kugeuza mambo. Chama kilikuta kuni kavu. Kilichokuwa kimekosekana ni mahali ambapo ile "ndiyo" ingeweza kugeuka kuwa "hapana" bila mtu kupelekwa barazani. Baada ya risasi serikali iliondoa shuruti, na mpango ukafa.

Mgeta, na kisa cha mbuzi

Kama hadithi ingeishia hapo tungeweza kusema kwamba mkulima wa Uluguru ni mtu wa kushika ya zamani, na kwamba alishinda. Lakini Mgeta, upande wa magharibi, hutuzuia kusema hivyo. Huko matuta hayakutupwa yote. Wakulima walioyashika walikuwa walima mboga: kabichi, njegere, karoti na nyinginezo zilizoletwa na wamisionari na walowezi tangu wakati wa Wajerumani, zikapata soko Morogoro na Dar es Salaam. Bustani ya mboga hukaa karibu na kijito, hunyweshwa kwa mfereji, hutiwa mbolea, na mavuno yake huuzwa kwa fedha. Mahali pa namna hiyo tuta la ngazi lina faida, maana huwezi kunywesha mteremko bila kuusawazisha. Kitu kile kile kilichokataliwa katika shamba la mahindi kilikubaliwa katika bustani ya kabichi, na watu wa kabila moja, kwa akili moja.

Hapa ndipo ninapomwona mwanafunzi mbunifu. Hakulipokea somo lote wala hakulitupa lote. Alilipeleka shambani kwake, akalijaribu penye maji na penye ukavu, akalipima kwa nguvu za mikono aliyonayo na kwa bei ya sokoni, akachukua sehemu. Shuleni mwanafunzi wa namna hii husumbua. Hujibu swali la tatu akaacha la pili, akaeleza kwa nini la pili haliulizwi vizuri.

Mwalimu naye alichelewa, lakini alikuja. Chuo cha Kilimo cha Morogoro kilifunguliwa mwaka 1965, kikawa kitivo cha Chuo Kikuu mwaka 1969, na mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kwa jina la Waziri Mkuu aliyefariki mwaka huo huo kwa ajali ya gari katika mkoa huu wa Morogoro. Chuo kilikaa miguuni pa mlima. Wasomi wake waliweza kuiona miteremko kutoka madirishani, na hiyo yenyewe haikutosha. Hata ofisa wa mwaka 1950 alikuwa akiiona.

Mwaka 1988 mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwei walipelekwa Mgeta kwa mkono wa chuo hicho. Nataka msomaji asikimbie jambo hili kwa kuwa ni la mbuzi. Mbuzi hao hufungiwa bandani, wakaletewa majani. Hawazururi mlimani kumega udongo. Maziwa yake hulisha watoto katika nchi isiyo na ng'ombe. Na chini ya banda kuna samadi, ambayo hupelekwa katika bustani za mboga juu ya matuta. Lile swali la mwaka 1950, samadi itoke wapi, likapata jibu baada ya karibu miaka 40. Aliyeleta mbuzi hakuja na amri. Alianza na nyumba chache, na majirani wakatazama kwanza. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa kilimo wa milima ya Uluguru, chini ya chuo hicho hicho, uliofanya kazi kwa njia ya vikundi vya wakulima. Na katika miaka ya 1990 wasomi wa Sokoine pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikwenda Mbinga, mkoani Ruvuma, kujifunza kutoka kwa Wamatengo ile kazi yao ya mashimo yaitwayo ngoro, ambayo kwayo watu hao wamelima milima mikali tangu kabla ya ukoloni bila mtaalamu yeyote kuwaelekeza. Tangu mwaka 1999 Mbinga na Uluguru zikawekwa pamoja katika kazi ya kituo kimoja cha chuo hicho. Profesa akamwendea mkulima na daftari tupu.

Tusipambe mno. Kati ya 1955 na 1988 nchi yetu ilikuwa imejitawala, na mwalimu mwenye shuruti hakuondoka na Waingereza. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, akishutumu shule inayomtenga kijana na wazazi wake na kumfanya adhani kwamba elimu yote imo vitabuni. Ni maandiko ambayo bado yanafaa kusomwa katika kila chuo cha ualimu. Mwezi Novemba 1973 mtu huyo huyo alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena bali ni amri, na itimizwe kabla ya mwisho wa 1976. Nia njema ilikuwapo tena, na haraka pia.

Luther katika ukaguzi wa vijiji

Sisi Walutheri hatuna ruhusa ya kumhukumu bwana shamba kana kwamba hatumjui. Tunaye katika nyumba yetu. Kuanzia mwaka 1527 sharika za Saksonia zilikaguliwa, na Luther mwenyewe alishiriki katika safari hizo. Aliyoyakuta vijijini yalimshtua: watu wasiojua Baba Yetu, na wachungaji wasioweza kufundisha. Katika mwaka 1529 alitoa Katekismo zake mbili. Kitabu kile kidogo tunachokifundisha kilizaliwa kutokana na kwenda, kuona na kuaibika. Hakikuandikwa kwanza ndipo watu wakatafutwa wa kukisoma, bali maswali yake yalichukua umbo la mtoto anayeuliza nyumbani mambo haya maana yake nini. Huo ulikuwa ubunifu wa mwalimu kwa maana yake nzuri.

Lakini katika utangulizi wa Katekismo Ndogo mna pia mkono wa shuruti. Luther anasema kwamba haiwezekani wala haifai kumlazimisha mtu aamini; kisha, karibu katika pumzi ile ile, anashauri kwamba wasiotaka kujifunza wanyimwe chakula na wazazi na mabwana wao, na kwamba mtawala awafukuze nchini. Wanafunzi wangu hucheka wanaposoma hapo, na mimi huwaacha wacheke, kisha huwauliza ni faini gani ambayo bwana shamba wa Uluguru aliitoza iliyozidi hiyo.

Kilichomwokoa Luther na kuwa ofisa tu, nadhani, kimo katika utangulizi wa Katekismo Kubwa. Huko anakiri kwamba yeye, daktari na mhubiri, hufanya kama mtoto: kila asubuhi husoma neno kwa neno Amri Kumi, Imani na Baba Yetu, na kwamba hajapata kuyamaliza, bali angali mwanafunzi. Hakuandika habari hiyo kwa unyenyekevu wa kujionyesha. Aliwaandikia wachungaji waliodhani kwamba wakikisoma kitabu mara moja wamekihitimu.

Liko fungu la Maandiko ambalo sijapata kulisikia likihubiriwa katika sharika za wakulima, jambo linalonishangaza. Ni Isaya 28, kuanzia aya ya 23 hadi 29. Nabii anauliza kama mkulima hulima siku zote bila kupanda. Anaeleza jinsi anavyosawazisha uso wa shamba, kisha kuweka kila mbegu mahali pake, ngano kwake na shayiri kwake, na viungo vingine kwa namna nyingine. Na wakati wa kupura hatumii chombo kimoja kwa mazao yote. Ndipo anasema kwamba Mungu ndiye aliyemfundisha mkulima huyo. Tuangalie lisilosemwa. Hakuna kuhani katikati, wala mwandishi, wala ofisa wa mfalme. Maarifa ya kujua kwamba kila mbegu ina mahali pake yametoka kwa Mungu yakafika moja kwa moja katika mkono wenye jembe, na nabii, mtu wa mjini Yerusalemu, anayatumia kama hoja dhidi ya wakuu wa mji wake.

Nilipolifundisha fungu hilo, mwanafunzi mmoja aliyezaliwa Mgeta aliniuliza kama Isaya aliwahi kulima. Nilijibu kwamba hatuambiwi. Akasema kwamba kwa jinsi anavyotofautisha vyombo vya kupurira, ama alilima, ama aliketi siku nzima na mtu aliyelima. Nimefundisha Agano la Kale kwa miaka mingi bila kulifikiria jambo hilo.

Matuta yanarudi

Mwaka 2006, miaka 51 baada ya Matombo, matuta yalirudi Uluguru. Mashirika mawili ya kimataifa, CARE na WWF, yalianza kazi katika kata ya Kibungo Juu, kwenye vyanzo vya Ruvu. Hoja ilikuwa ile ile ya 1950: udongo unaoshuka mlimani huuchafua mto, na mji wa Dar es Salaam huulipia uchafu huo. Tofauti ilikuwa katika mwisho wa hoja. Kama mji ndio unaofaidika, mji umlipe mkulima. Shirika la maji la Dar es Salaam, DAWASCO, pamoja na kampuni ya vinywaji, vilikubali kutoa fedha, na wakulima waliojiandikisha kwa hiari yao walichagua njia kati ya kadhaa: matuta ya ngazi yenye kutiwa samadi, kupanda miti, kilimo mseto, au ile njia iitwayo fanya juu, ambayo jina lake la Kiswahili limetoka Machakos, Kenya, ambako udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu na mteremko hujisawazisha wenyewe kidogo kidogo kwa miaka.

Fanya juu nayo ina historia ya kufanana. Machakos ilishurutishwa kuchimba matuta kabla ya uhuru wa Kenya, ikachukia; baada ya uhuru shuruti ilikoma, na wakulima wenyewe wakachimba zaidi ya waliyoamriwa, walipopata kahawa, mboga na soko la Nairobi. Wala si kwa sababu mtu aliwaelimisha upya.

Malipo ya Kibungo Juu hayakuwa makubwa, na awamu ya pili ya mradi ilikwisha mwaka 2012. Wako waliosema wakati ule kwamba mkulima anayelipwa ili achimbe hajajifunza kitu, na kwamba fedha ni shuruti iliyovaa nguo nzuri. Silipuuzi neno hilo. Mimi mwenyewe nimeona miradi ya kanisa ikifa siku ileile posho ilipokoma. Lakini kati ya mtu anayetozwa faini asipochimba na mtu anayeulizwa atachimba kwa bei gani kuna umbali mkubwa. Wa pili anaweza kusema hapana akabaki na mbuzi wake.

Matuta hayo yanataka kazi kila mwaka. Kingo hubomoka kwa mvua, nyasi za kuzishikilia hupandwa upya, na kabla ya masika samadi hubebwa kichwani, ndoo kwa ndoo, kutoka bandani hadi shambani, kwa njia isiyopitika hata kwa baiskeli. Wanaoibeba wengi ni wanawake. Katika daftari la kodi la mwaka 1950 majina yao hayakuwamo.